Miezi mitatu nagongeshwa tu: niendelee au niache?

Msomaji mmoja anayejifunza jiu-jitsu ya Brazil, mchezo wa kubanana mkekani kwa kabali na kupinda viungo, ambapo anayeshindwa hugonga ili aachiwe, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, nimeanza jiu-jitsu ya Brazil miezi mitatu iliyopita na nahudhuria mara tatu kwa wiki. Mpaka leo sijamshinda mtu hata mmoja. Kinachoniuma zaidi ni dada mmoja wa mkanda wa bluu. Namzidi kama kilo 20, lakini kila tukikutana ananikaba mpaka nagonga. Nikitoka pale nahema, yeye hata jasho halijamtoka. Nimefikiria kuongeza kunyanyua vyuma, na kila usiku naangalia video. Je, umri umenipita? Niendelee au niache? Na ni lini mambo yatabadilika?"

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana naijua hali hiyo. Nimekaa nayo mwenyewe nilipoanza, na nimeiona usoni mwa karibu kila mwanafunzi niliyemfundisha. Nianze na yale ya haraka. Umri haujakupita. Kwenye mashindano ya IBJJF, shirikisho kubwa la mchezo huu, kuna makundi ya umri yanayoanzia miaka 30 na kupanda mpaka ya waliovuka 60, na watu wanashiriki. Usiache. Hayo mengine yanahitaji nafasi zaidi.

Tatizo lako la kwanza liko kwenye kipimo. Unajipima kwa kumshinda mtu, na kipimo hicho kwa mtu wa miezi mitatu hakisomi chochote. Ukianza kukimbia, unakimbia na saa yako. Ukianza mpira, mnapangwa wachanga kwa wachanga. Kwenye jiu-jitsu siku ya kwanza tu unafungiwa mkanda mweupe, wa chini kabisa, na kupangwa na mtu aliyelala kwenye mkeka ule miaka minne. Halafu kuna jambo ambalo wageni wengi hawalioni: wenzako nao hawajasimama. Wewe umejifunza kitu wiki hii, yule dada naye amejifunza kitu wiki hii hii. Mnapanda pamoja, kwa hiyo ukimtazama yeye utaona pengo ni lile lile, na utasema hujaendelea. Subiri siku aingie mtu mpya kabisa, mwenye nguvu zake, mpangwe naye. Utashangaa jinsi anavyokupa mikono na mgongo bila kujua. Hapo ndipo utakapoona ulipotoka.

Kazi ya mwaka wa kwanza, kwa mtazamo wangu, ni moja: kujifunza kukaa chini ya mtu bila kuogopa. Kushinda kutakuja baadaye na hakutahitaji kuitwa. Mtu asiyeogopa kuwa chini anaweza kujaribu chochote akiwa juu, kwa sababu anajua akipinduliwa hatakufa. Anayeogopa hushikilia tu, na kushikilia ndiko kunakommaliza.

Ngoja nikueleze ninavyoona pambano lako na huyo dada, ingawa sikuwepo. Mnagusana mikono, mnaanza. Unamshika ukosi wa gi, yaani vazi la mazoezi, kwa nguvu zako zote mpaka vidole vinakufa ganzi. Nusu dakika haijaisha ameshavuka miguu yako na kukulalia ubavuni, kifua chake juu ya chako, bega lake limekusukuma taya. Hapo mwili wako unafanya mambo matatu bila kukuuliza. Unabana pumzi. Unanyoosha mikono kumsukuma juu. Na ukiona hasogei, unamgeuzia mgongo ili utoroke. Yeye mkono ulionyooka ndio anaousubiri. Anaupitishia miguu na kuuvuta mpaka kiwiko kinalia, au anaukunja na kuupinda begani. Ukigeuka, umemkabidhi mgongo, na kabali ya nyuma haiko mbali. Yeye hahitaji kukufukuza. Unampelekea mwenyewe, na unampelekea ukitumia nguvu zako zote, ndiyo maana wewe unahema na yeye hahemi.

Huo si udhaifu wa misuli. Mwili umelaliwa, kifua hakipanuki vizuri, unadhani unazama, na anayezama hupiga maji. Dawa yake ni kuuzoesha mwili kwamba kulaliwa hakuui, na hilo halisomwi popote, linafanyiwa mazoezi.

Kwa hiyo wiki ijayo ukibanwa ubavuni, jambo la kwanza ni kutoa pumzi. Toa ndefu, kwa sauti ikibidi. Ukishatoa, hewa itaingia yenyewe. La pili, acha kusukuma na urudishe viwiko karibu na mbavu. La tatu, weka nguzo. Kigasha cha mkono ulio mbali naye kiweke shingoni kwake, chini ya taya. Kigasha cha mkono ulio upande wake kiweke kwenye nyonga yake. Mikono ibaki imekunjwa. Ukiiweka sawasawa utahisi uzito wake unapokewa na mifupa na misuli inapumzika, kama boriti inavyobeba paa. Hapo unaweza kukaa dakika nzima ukipumua, na nakuomba ukae. Usikimbilie kutoka. Kaa pale ujue pakoje.

Ukishatulia, piga daraja: kanyaga kwa miguu yote miwili karibu na makalio, inua kiuno kumwelekea yeye. Hutamwangusha, na hiyo siyo kazi ya daraja lako hapa. Unatafuta upenyo wa upana wa kiganja tu. Uzito wake unaporudi chini ukute kiuno chako kimeshahama, kimekimbilia nyuma, na wewe umelala ubavu ukimtazama. Ingiza goti la chini kwenye ule upenyo, kati ya tumbo lake na lako. Goti likiingia, mguu wa pili utafuata, na utakuwa umerudi kwenye gadi, yaani umelala chali lakini miguu yako iko kati yenu na ndiyo inayoongoza mambo.

Mara kumi za kwanza goti litakwama. Ama kiuno hukukihamisha vya kutosha (karibu kila mgeni anahama nusu ya inavyotakiwa), ama ulihama baada ya yeye kuwa ameshatulia, ama nguzo ya shingoni ilianguka katikati ya safari. Kila moja ya hizo ina dawa yake, na ukijua ni ipi iliyokuangusha, umeshinda kitu ambacho juzi hukuwa nacho. Ile harakati ya kukimbiza kiuno ambayo mwalimu wenu huwafanyisha mwanzoni mwa kipindi, mkienda na kurudi mkekani kila siku mpaka mnachoka nayo, kazi yake ni hii. Watu huifanya huku wanawaza mengine. Wewe ifanye ukimwona yule dada juu yako.

Sasa kipimo kipya. Ukitoka kwenye pambano la mazoezi usijiulize nani alishinda. Jiulize alikugongesha mara ngapi kwa dakika tano, na wiki mbili zilizopita ilikuwa mara ngapi. Jiulize kama ulijua kinachokuja kabla hakijafika, hata kama hukuweza kukizuia. Jiulize kama ulikumbuka kupumua. Nunua daftari dogo uandike mistari mitatu usiku huo huo: nini kilifundishwa, nani alinikamata wapi, kosa langu lilikuwa lipi. Baada ya miezi miwili isome kuanzia mwanzo. Nimewahi kumpa mwanafunzi aliyetaka kuacha daftari lake mwenyewe asome mbele yangu, na alifika ukurasa wa nne akanyamaza, akarudi kubadilisha nguo.

Kuhusu kugonga, nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu kwenye barua yako umeandika kama mtu anayeona aibu.

Kugonga ni lugha ya mchezo huu. Unamgonga mwenzako mara mbili tatu mwilini, au unagonga mkeka, au mikono ikiwa imefungwa unatamka kwa sauti, naye anaachia papo hapo. Mkataba huo ndio unaotuwezesha kufanya kufuli (kupinda au kunyoosha kiungo) na kabali kwa ukweli wake, kila siku, na kwenda kazini kesho yake. Mimi nilipokuwa mkanda mweupe niliwahi kukataa kugonga. Mwenzangu alikuwa ameunyoosha mkono wangu vizuri kabisa, ila siku hiyo kulikuwa na wageni wanatazama, nikasema nitavumilia. Kiwiko kilitoa mlio kama wa kijiti kikavu. Miezi miwili sikuweza kufungua kifuniko cha chupa kwa mkono ule, na mwenzangu alikuwa na huzuni kuliko mimi. Alikuwa ameniamini kwamba nitasema, na mimi sikusema.

Kabali iliyokaa sawasawa inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, na mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi, mara nyingi mapema zaidi. Hakuna nafasi ya kufikiria. Kufuli za miguu ni hatari kwa namna nyingine: ukipindwa kisigino, goti linaweza kuharibika kabla maumivu hayajakuambia lolote. Sheria za IBJJF zinakataza mkanda mweupe kupindwa kisigino kwa sababu hiyo. Ukikutana nayo mazoezini gonga mapema, hata kama huhisi kitu.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na historia ya mchezo wenyewe inalishuhudia hilo. Oktoba 23, 1951, kwenye uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro, Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu ya Brazil, alikutana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo kutoka Japani aliyemzidi uzito. Kimura alimbwaga mara kadhaa, kisha akamshika mkono na kuupinda nyuma ya mgongo. Hélio hakugonga, na watu wa kona yake ndio waliorusha taulo kukubali kushindwa. Ile kufuli leo inaitwa kimura kwenye kumbi zote za jiu-jitsu duniani, na kila mtoto wa mkanda mweupe anafundishwa. Waliochapwa nayo waliichukua, wakaisoma, wakaipa jina la aliyewachapa. Huyo dada anapokukamata anakuonyesha tundu liko wapi. Muulize. Mkimaliza, mwambie: "Dada, ulinipata vipi pale?" Sijakutana na watu wengi wanaokataa kujibu swali hilo, na mara nyingi utapewa somo la dakika mbili ambalo mwalimu hawezi kumpa kila mtu peke yake.

Sasa vyuma. Kuna watu watakuambia nguvu hazina maana kwenye jiu-jitsu. Watakutajia mwaka 1993, UFC ya kwanza (mashindano ya mapigano ya mitindo yote) kule Denver, Marekani, Royce Gracie, mwana wa Hélio, akiwa na kilo kama 80 anawashinda watatu usiku mmoja, akiwemo Ken Shamrock aliyejaa misuli. Ni kweli ilitokea. Lakini Royce alikutana na watu ambao hawakuuzoea mchezo wake. Wewe unakutana na watu wanaoujua mchezo kuliko wewe. Nguvu na uzito vina maana sana, ndiyo maana mashindano yana madaraja ya uzito. Kwa hiyo kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki ni jambo jema, hasa kwa mtu wa umri wako: mgongo, nyonga, shingo na mshiko vitakulinda usiumie. Ila usitegemee kwamba kilo za chuma zitaziba pengo lako na mkanda wa bluu. Sasa hivi nguvu ulizonazo unazimwaga zote dakika ya kwanza. Ukiziongeza bila kujifunza kuzitumia, utamwaga nyingi zaidi.

Jaribu hili kwa mwezi mmoja: pambana kwa nusu ya nguvu zako. Legeza mshiko pale usipohitajika. Utakamatwa zaidi, nakuambia mapema usije ukadhani nimekudanganya. Lakini utaanza kuona. Mtu anayekaza mwili wote haoni mkono wa mwenzake unaelekea wapi. Aliyelegea anaona.

Video ni za kupunguza. Si kwamba ni mbaya. Zimejaa mambo mazuri, na hilo ndilo tatizo, kwani nyingi zinaonyesha mbinu za mtu aliyekwisha kutoka mahali ambapo wewe bado umekwama. Chagua swali moja kwa mwezi. Mwezi huu swali lako ni kutoka ubavuni. Tazama video moja au mbili za jambo hilo tu, kisha nenda ukalijaribu. Mwezi ujao labda kutoka chini ya mtu aliyekukalia tumboni, kisha kutetea mgongo, kisha kubaki na gadi. Ukivuka hayo manne utakuwa mtu mgumu kumkamata, na watu wataanza kukuheshimu kabla hujamgongesha yeyote.

Mara tatu kwa wiki inakutosha kabisa. Wageni wenye moyo wa moto hufika mara sita, wakaumia mwezi wa nne, tusiwaone tena. Lala vya kutosha. Chagua pia wa kupambana naye: una haki ya kusema hapana, kwa adabu, kwa mtu anayevuta kufuli kwa ghafla au asiyejali ukigonga. Sema "asante, raundi hii napumzika". Mwalimu anayekukasirikia kwa hilo, mfikirie upya. Na ukiwa na kidonda au upele wenye duara unaowasha, baki nyumbani mpaka upone, kwa sababu choa na maambukizi ya bakteria hupita kwenye mkeka kwa haraka mno. Kucha fupi. Gi ifuliwe siku hiyo hiyo, na mkanda nao, usisikilize wanaosema mkanda ukifuliwa maarifa yanaondoka. Usiende msalani miguu mitupu halafu ukarudi mkekani. Haya yanaonekana madogo, lakini wenzako wanalaza nyuso zao pale unapokanyaga.

Umeniuliza ni lini. Sitakupa tarehe. Watu wengi hukaa na mkanda mweupe mwaka mmoja na nusu au miwili. Ukishapata wa bluu, sheria za IBJJF zinataka ukae nao angalau miaka miwili kabla ya zambarau, na mpaka mweusi watu wengi huchukua miaka kumi hivi. Nakutajia hesabu hiyo ili uone miezi mitatu imekaa wapi ndani yake. Ila mabadiliko unayoyauliza, yale ya kuacha kuona giza ukilaliwa, huja mapema kuliko mkanda. Kwa wengi nimeyaona kati ya mwezi wa sita na wa tisa, na huja kimya kimya. Siku moja umebanwa, unajikuta unawaza cha kufanya, na ndipo unagundua kwamba hukuogopa.

Mashindano yaache kwa sasa. Ukifika mwaka, ukitaka, shiriki mara moja, utajifunza mengi kwa dakika tano za raundi ile. Huhitaji kushindana ili uwe mwanajiu-jitsu.

Huyo dada anayekugongesha usimkwepe. Mtu mwepesi anayemdhibiti mzito bila kutoa jasho hana namna isipokuwa kufanya mambo sawasawa, kwa hiyo kila anapokukamata unaonyeshwa jiu-jitsu yenyewe. Jumatatu mfuate kabla ya kipindi. Mwombe akulalie ubavuni tangu mwanzo, asikukabe wala kukuvuta mkono, akubane tu, nawe ujaribu kurudisha goti. Dakika tatu, mpumzike, dakika tatu tena. Halafu niandikie uniambie goti lilikwama wapi: kwenye nyonga yake, au kwenye kiwiko chako mwenyewe.